Kuonja Si Kula

Nusu ya kwanza ya kazi yangu niliwabembeleza watu wale. Nusu ya pili nikawabembeleza waache. Wengi wenu pale kliniki mlinikuta kwenye nusu ya pili, mkadhani nilizaliwa na futi kamba shingoni na neno "punguza" mdomoni. Siku mliponiaga kwa keki na soda (watu wa lishe, keki na soda! nilinyamaza kwa adabu tu) mliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Naandika. Vyeo sitavigusa, maana vilikuwa vichache na havikubadilisha kitu jikoni kwangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijijini, njia ya Kasulu, kupita kidogo Kidahwe. Kazi yangu ilikuwa kupima watoto. Mizani yenyewe ilikuwa ya kuning'iniza: kitu cha duara kama saa ya ukutani, kimefungwa kwenye boriti ya kibaraza, na chini yake kaptula ya turubai yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto anatiwa mle, ananing'inia, analia, anarusha mateke, na mshale nao unakwenda mbele na nyuma. Siku ya kwanza nilitaka kusoma mshale ukiwa bado unacheza, nionekane mwepesi. Sista Konsolata, muuguzi mkuu aliyenipokea, akanishika mkono. "Binti, mwache alie amalize. Mtoto akitulia, na mizani inatulia." Somo fupi kuliko hilo sijalipata tena, na chuo nilikaa miaka.

Sista Konsolata alikuwa Muha wa Kasulu, mrefu, mpole wa sauti, na mwenye macho ambayo hayakuwa na upole wowote. Mimi nilikuja na maneno ya chuoni: wanga, protini, vitamini. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Jana mlikula nini?" Hakuuliza kamwe "Huwa mnakula nini?" Alisema ukimwuliza mtu huwa anakula nini, atakujibu anachotamani. Na kweli, mama mmoja kijana, familia yake ilitokea Burundi, aliniambia huwa anampa mtoto maziwa na mayai. Nikafurahi. Sista Konsolata akainama, akamsalimia kwa lugha ya kwao yule mama, akauliza habari za jana. Jana ilikuwa ugali wa muhogo na chumvi. Yule mama alilia, mimi nikakosa pa kuangalia, na Sista Konsolata akaenda kubandika uji.

Neno lake jingine nililibeba mpaka nilipostaafu. "Kila mgonjwa atakuambia anakula kidogo," alisema. "Mwamini. Kisha nenda ukakione hicho kidogo."

Miaka ikapita, nikahamishiwa mjini, nikapanga Gungu, na watu wakaanza kunenepa. Sisemi mimi ndiye niliyewaletea. Lakini ghafla nilijikuta kwenye kliniki ya sukari na presha, napima watu wazima ambao wangeivunja ile kaptula ya turubai kwa goti moja. Zana zangu zikawa mizani ya kusimama, futi kamba, na picha kubwa ya sahani iliyobandikwa ukutani: nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki au maharage. Picha nzuri sana. Msimamizi wetu aliipenda. Wagonjwa waliitazama kama mtu anavyotazama picha ya Ulaya.

Kwa wasioelewa picha nilikuwa na kipimo cha ngumi: ugali wako usizidi ngumi yako. Nilikitumia kwa raha mpaka alipokuja mvuvi mmoja wa Kibirizi. Nilimwambia akunje ngumi, akaikunja, akaiweka mezani. Meza ilinung'unika. Aliitazama ngumi yake, akanitazama, akacheka hadi akashika mbavu. "Sista, kwa kipimo hiki, basi mimi nimekuwa nikijinyima." Kisha kuna mwalimu wa mtaa wa Mwanga aliyepunguza ugali kwa uaminifu kabisa, halafu akaongeza mawese kwenye maharage ili huo ugali mdogo uteleze vizuri. Alikuja kuniuliza kwa nini suruali hazimwingii. Nawaambieni haya ili msije mkadhani watu ni wabishi. Wengi wanatii. Tatizo ni kwamba wanatii neno moja, kisha wanatafuta raha yao kwenye neno ulilosahau kusema.

Basi ndipo akaja Bi Zaituni wa Ujiji, na huyu ndiye aliyenifanya nikae niandike.

Bi Zaituni alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, khitma, matanga: ukisikia Ujiji wamekula vizuri, alikuwepo. Mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni kabla yake, na kanga aliyoifunga chini ya tumbo kwa fundo kubwa, kuubeba mzigo. Hiyo kanga haikuwa urembo. Alikuwa na ngiri ya kitovu, imetoka ukubwa wa chungwa, na kila alipoinua sufuria alikuwa anaibana kwa mkono kwanza.

Daktari wa upasuaji alikuwa amemkataa, si kwa ubaya. Alimwambia wazi kwamba akimpasua na mafuta yale mshono hautashika, na dawa ya usingizi inaweza kumletea shida ya pumzi. Apunguze kilo kumi na tano, arudi. Akamwambia na la pili: utumbo ukinaswa humo, uvimbe ukawa mgumu na ukauma, asingoje hata chai, akimbie hospitali, na hata akikimbia huenda asiwahi. Ndiyo akaletwa kwangu, punguza punguza.

Alikaa, akajifuta jasho, akasema: "Sista, mie nimepika matanga ya watu wengi. Sitaki wakapike yangu kwa sababu ya kitovu."

Alisema akicheka, lakini mkono mmoja ulikuwa umeibana ile kanga pale penye fundo, nami niliuona.

Nikamsogeza kwenye picha ya sahani. Nikamwonyesha nusu, robo na robo. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza, "Sahani hii ni ya nani?"

"Yako."

"Mie sina sahani, sista. Kwetu tunakula sinia. Sasa hii nusu ya mboga, nikate nusu ya sinia? Na mume wangu akae wapi?"

Niliuliza kama naweza kwenda kuwaona wakila. Alifurahi kana kwamba nimeposa.

Nyumbani kwao walibaki wazee watupu: yeye, mumewe Mzee Hamisi, aliyekuwa fundi wa mitumbwi, na wifi yake Mwasiti, dada wa mzee, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka hapo. Watatu hao walikula pamoja kila mchana. Sinia likaletwa: bugali wa muhogo mweupe katikati, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa vizuri, na migebuka iliyopikwa kwa mawese hadi mchuzi ukawa na rangi ya jua la jioni. Nilinawa, nikakaa nao.

Sasa sikilizeni, maana hiki hakikuwa kwenye masomo yenu wala yangu. Kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake. Huvuki. Lakini kusukuma unaruhusiwa, na kusukuma ndiko kupenda. Mzee Hamisi alikuwa anamega tumbo la mgebuka, pale penye mafuta, na bila hata kumtazama mkewe anakisukuma kipande mpaka mbele yake. Bi Zaituni akipunguza mwendo, kipande kingine kinafika. Mwasiti naye toka upande wa pili: "Kula wifi, mbona leo unadonoa kama kuku mgeni?" Ilimradi samaki wote walikuwa safarini, na safari yao ilikuwa moja. Na kwa kuwa nilikuwa mgeni, mimi pia nilisukumiwa. Nilitoka pale nimekula kuliko kiasi nilichokwenda kumkataza mwenzangu, nikapanda bodaboda kurudi Gungu nikiwa nimefungua kifungo.

Nikashauri atengewe sahani yake. Lilikuwa shauri la kitabuni na lilidumu siku mbili. Mke kula peke yake kwenye sahani, Ujiji, nyumba yenye sinia! Mtaa mzima ukajua Bi Zaituni kagombana na mumewe. Mwasiti akaja rasmi kusuluhisha, kavaa na baibui. Mzee Hamisi hakutaka kula kabisa. Sahani ikarudishwa kabatini.

"Basi," nikamwambia Bi Zaituni, "rudi kwenye sinia. Lakini mkono wa kusukuma anao mumeo tu?"

Alinielewa papo hapo. Toka siku hiyo kila kipande kilichofika mbele yake alikisindikiza kwenda kwa wifi. Mzee anasukuma kwa Zaituni, Zaituni anasukuma kwa Mwasiti, na Mwasiti, ambaye hakuwa na mtu wa kumsukumia, anakula. Baada ya muda Mwasiti alinijia kliniki kulalamika kwamba magauni yake yanabana, na mimi ndiye nimemroga.

Mngetarajia hapo mizani ishuke. Haikushuka. Bi Zaituni alipanda pale juu, akashuka, akapanda tena, mshale ukasimama palepale. Mwezi uliofuata ukapanda kidogo. Alianza kulia. "Wallahi sista, sili. Chai bila sukari, muhogo kipande, kwenye sinia nagusa tu. Muulize Mwasiti." Na Mwasiti kweli aliapa, tena kwa uchungu.

Nilimwamini. Nikamwuliza lile swali la zamani: jana ulikula nini? Akataja, na vilikuwa vichache kweli. Jana ulikuwa wapi? Kazini, napika harusi. Na kazini ulikula nini?

"Kazini sili," alisema, akashangaa swali lenyewe. "Mpishi hali kabla ya wageni. Nilifunzwa hivyo toka utoto."

Mwamini, kisha nenda ukakione. Jumamosi nikaenda kwenye harusi moja palepale Ujiji, si ukumbini, bali nyuma ya nyumba kwenye mafiga. Sufuria zilikuwa zimejipanga: pilau, nyama ya mchuzi, maharage ya mawese, sombe, na supu ya samaki kuhe kwa ajili ya wazee. Bi Zaituni alikuwa katikati ya moshi, kajifunga kibwebwe, mkononi upawa wenye kina cha bakuli la uji. Alichota mchuzi, akapuliza, akanywa. Akakunja uso. Chumvi. Akachota tena, akanywa. Akahamia maharage. Akarudi kwenye nyama, akatoa pande, akalitafuna kwa makini, macho juu, akatikisa kichwa: bado. Moto ukaongezwa. Baada ya muda akatoa pande jingine kuhakikisha. Akapita sombe. Akapita supu. Akaanza upya, maana kilichokuwa sawa mwanzo huenda kimebadilika.

Nilikaa kwenye kigoda nikisaidia kumenya vitunguu, nikamtazama. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshakula harusi nzima akiwa wima.

"Bi Zaituni," nikasema, "umekula."

"Nimekula saa ngapi? Naonja."

"Na kuonja?"

"Kuonja si kula, sista!" Aliwageukia wenzake wamshuhudie. "Kama kuonja ni kula, basi Ramadhani zangu zote toka usichana zimeharibika!"

Wanawake wote jikoni wakaangua kicheko, na mimi Mkristo wa watu nikacheka nao. Lakini neno lenyewe likanikamata. "Hebu nionyeshe," nikasema. "Ramadhani unaonjaje?"

Akanionyesha kwa majivuno kidogo, maana ni ufundi. Aliinamisha upawa, akadondosha tone moja kiganjani, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akageuka pembeni akatema. Akafuta kiganja kwenye kanga. "Hivi. Chumvi naijua hapo hapo."

"Na futari zako za Ramadhani, watu wanalalamika hazina ladha?"

Alifyonya. "Futari zangu? Wa kulalamika hajazaliwa."

Aliutazama ule upawa mkononi, akazitazama sufuria zote tano, akanitazama mimi na vitunguu vyangu. "Mh," akasema. "Sista, una maneno weye. Tangu asubuhi umekaa hapo kama huna lako."

Kutema siku za kawaida hakutaka. Alisema chakula cha watu hakitemwi bila sababu ya dini. Tukakubaliana ameze tone, lakini liwe tone, na liwe kiganjani. Nyama aipime kwa uma, ikipasuka imeiva. Upawa ubaki kazi yake, yaani kupakulia. Nilimwona akihangaika siku ile: mkono ulinyanyuka wenyewe kwenda mdomoni, akaukamata njiani kama mtu anayemkamata kifaranga.

Mizani ikaanza kushuka. Polepole, kama inavyotakiwa. Msimwamini mtu anayewaambia mafuta ya miaka thelathini yataondoka kwa ndimu na maji ya moto. Kanga ikaanza kumzunguka mara mbili. Akapanda kilima cha sokoni bila kusimama njiani kusalimia watu asiowajua. Mimi nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, na ndipo maneno yalipoanza.

Kwetu mtu akinenepa anapongezwa mumewe. Akikonda watu wanaulizana kwa sauti ndogo. Kukonda si afya, kukonda ni habari. Bi Zaituni alisikia kwamba ana ule ugonjwa, kwamba kaachwa, kwamba biashara imekufa. Yote hayo aliyacheka. Lakini siku moja mama mmoja wa Mwanga, aliyekwisha kumwambia amwandalie harusi ya binti yake, alikuja kumwona, akamkagua juu mpaka chini, akaenda kumchukua mpishi mwingine. Hakuficha sababu. Alisema mpishi aliyekonda ana lake jambo, na wageni hawatakula kwa raha.

Hilo Bi Zaituni hakulicheka. Alikuja kliniki na sura nisiyoijua. "Sista, umeniponza. Tumbo limepungua na kazi imepungua. Sasa nikipona nitakula nini?" Akaondoka kabla sijamjibu, na kwa muda mrefu sikumwona tena. Niliambiwa upawa umerudi mdomoni. Sikumlaumu. Niliogopa tu. Kila nilipofika asubuhi niliuliza kwanza kama usiku kaletwa mtu kutoka Ujiji.

Akaletwa mchana. Alikuwa kwenye khitma, akainua sufuria ya wali bila kujibana, ngiri ikatoka na safari hii haikurudi. Walimlaza mkekani akijikunja, wakamkimbiza. Daktari alifanikiwa kuirudisha kwa mikono, taratibu, Bi Zaituni mwenyewe kashika nguzo ya kitanda na kutaja majina yote ya Mwenyezi Mungu anayoyajua. Daktari akamwambia imerudi kwa bahati, na bahati haiandikiwi dawa.

Kesho yake Mzee Hamisi alikuja kliniki peke yake. Kanzu safi, kofia, viatu kavivua mlangoni ijapokuwa hapana anayevua viatu kliniki. Nilimwamkia, akaitikia, hakukaa.

"Sista, nimekuja kujishtaki." Akanyoosha mkono wake wa kulia, mkono mkubwa wa fundi, wenye makovu ya tezo. "Huu ndio unaomuua mke wangu."

Nikamwambia akae. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nilipomwoa alikuwa mwembamba. Mama yake alinikabidhi, akaniambia, Hamisi, usije ukanirudishia huyu akiwa mwembamba kuliko nilivyokupa. Basi. Yule mama alishafariki zamani, lakini mie agizo sijaliacha. Hata siku ambazo ziwa halikutoa kitu, cha kwake nilikitafuta. Sasa ninyi mnaniambia nimemlisha kaburi."

Nilijifanya natafuta kalamu. Kisha nikasema kitu pekee nilichoweza kusema bila kulia: "Mzee, agizo umelitimiza mpaka limezidi. Mama mkwe huko aliko ameshatosheka. Umemlisha mwanawe miaka yote hiyo, sasa anakuomba umrudishie yule yule wa siku aliyokukabidhi."

Akaugeuza ule mkono magotini. "Na mkono huu niufanye nini pale siniani? Nikae nao tu?"

"Sukuma. Lakini sukuma sombe. Na mawese kidogo."

"Sombe?" Alinitazama kama nimemwambia ampe mkewe nyasi. Lakini alikwenda akaisukuma. Bi Zaituni aliporudi kliniki, uso umepungua na kicheko kimerudi, jambo la kwanza alilosema ni hili: "Sista, umemfunza nini yule mzee? Ananijazia majani kama mbuzi wa Idi, nami najua mwisho wa mbuzi wa Idi!"

Mzee ndiye pia aliyeyamaliza maneno ya mtaani, kwa kadiri yanavyoweza kumalizwa. Mtu akimwuliza barazani kama mkewe anaumwa, alijibu: "Haumwi. Namrudisha alivyokuwa wakati namwoa. Wewe wako umeshindwa?" Wateja wengine walirudi. Wengine hawajarudi mpaka leo, na yule mama wa Mwanga akipita sokoni hamwangalii usoni.

Siku ya kupimwa mbele ya daktari wa upasuaji, Bi Zaituni alivua kanga, akavua bangili, akavua na viatu, akawa anahangaika na hereni. Daktari akamwambia, "Mama, hereni hazina mafuta." Akapanda huku amefumba macho. Nilimshika bega nikamkumbusha atulie. Mshale ukatulia, na kilo zilikuwa zimefika. Daktari akampangia siku.

Siku hiyo haikuwa zamu yangu. Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje na Mzee Hamisi na Mwasiti, na sikuwa mtaalamu wa mtu. Nilikuwa naogopa kama wao. Nilijua yote yanayoweza kwenda vibaya, na pale kwenye benchi elimu hiyo haikunisaidia chochote. Na nilijua zaidi kwamba akifia mle ndani, Ujiji watasema kaponzwa na kukonda, na wanawake wote niliowapa maneno yale yale watarudi kwenye upawa. Mzee Hamisi alikuwa anavuta tasbihi. Mwasiti, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu nimfahamu, alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya baibui. Daktari alipotoka akavua kofia yake ya kijani na kusema kila kitu kimekwenda vizuri, Mwasiti ndiye aliyelia kwa sauti mpaka akafukuzwa kwenye korido.

Jioni, dawa ya usingizi ilipokwisha na daktari akaruhusu anywe kitu chepesi, Mwasiti alileta uji wa ulezi kwenye birika, mwingi wa kutosha wodi nzima. Akajaza kikombe. Bi Zaituni aliegemezwa kwenye mito, uso umemkauka, akanywa kidogo kidogo. Alipofika katikati ya kikombe akakiweka juu ya kabati dogo la pembeni ya kitanda.

"Nimeshiba," akasema.

Ninyi ni watu wa huku, mnajua neno hilo halina nguvu. Mtu akisema ameshiba ni adabu yake tu, na adabu ya mwenyeji ni kumwongeza. Mwasiti alikuwa ameshainua birika. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote kazini, niliona mkono wangu unataka kukisogeza kile kikombe karibu naye, maana alikuwa amepasuliwa na alionekana mnyonge.

Mzee Hamisi akanyoosha ule mkono wake mkubwa, akaufunika mdomo wa kikombe, akamtazama dada yake.

"Kasema ameshiba," akasema.